Mistari Sitini na Mitatu ya Saburi

Saburi Mwishehe aliogopa namba zinazoruka. Hofu hiyo aliipata mwaka 1974 kwao Mzenga, wilaya ya Kisarawe, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri, alipewa kazi ya kuandika daftari la nyumba. Aliyepaka namba milangoni akakosea: baada ya nyumba ya 41, mlango uliofuata akaupiga 43. Saburi akanakili alichokiona. Afisa aliyekuja kukagua alisema ipo nyumba imefichwa, na Saburi akakaa mahabusu siku mbili, mpaka nyumba zote zilipohesabiwa kwa miguu.

Mimi nilimfahamu baadaye, Kibaha, tulipokuwa matarishi wawili katika mradi wa visima. Tulikaa benchi moja nje ya ofisi. Mimi si msemaji, naye hakuwa msemaji, basi tulielewana.

Mwaka 1984 mradi ukaletewa kompyuta, mashine ya kuweka mezani, yenye kioo kidogo. Aliyeijua ni Efrazia peke yake, binti wa Tabora aliyekuwa mpiga chapa kabla ya kupelekwa kozi. Yeye Mnyamwezi, Saburi Mzaramo, makabila ya watani, kwa hiyo ilikuwa utani kutwa. Kila asubuhi alimwamkia kwa heshima zote, na akishaitikiwa tu anamuuliza kama Wazaramo wameshajifunza kulima au bado wako ngomani. Saburi alicheka kwa kuinama.

Efrazia aliiandikia mashine programu ya kupanga vijiji, kipi kichimbiwe kisima kwanza, kwa kutazama idadi ya watu na umbali wa maji. Ilikuwa maagizo mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake. Mashine ikizimwa ilisahau yote, kwa hiyo aliyahifadhi kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za muziki. Hakuwa na chombo cha kuyachapa kwenye karatasi. Akamwomba Saburi ayanakili kutoka kwenye kioo, ayaweke kwenye kaunta buku, asijali maana yake.

Saburi alinakili siku mbili. Namba zilikwenda 10, 20, 30. Kisha mahali fulani, baada ya 120, ikatokea 125. Alifikiri siku moja atakuja mtu kuuliza 11 na 12 ziko wapi. Kumuuliza Efrazia aliona haya. Basi maneno yote aliyaandika kama yalivyo, ila namba za pembeni akazipanga upya kwa utaratibu, 1, 2, 3, hadi 63. Efrazia alikuwa anakimbilia mkutanoni. Alilipokea daftari, akalifungia kabatini bila kulifungua.

Wiki tatu baadaye, Jumanne asubuhi, redio kaseti iliyounganishwa na mashine ikautafuna ule utepe, kisha umeme ukakatika. Wakubwa kutoka wizarani walikuwa waje Alhamisi kuona kama mashine inafaa. Isipofanya kazi itapelekwa Dar, na Efrazia atarudi kupiga chapa. Sote tulilijua hilo. Lakini Efrazia hakushtuka. Tulimsikia akimwambia mkuu wa mradi kwamba mtani wake ameandika kila kitu, umeme ukirudi yeye ataiingiza programu upya. Mkuu akauliza kama mtu wa darasa la saba anaweza kuaminiwa kwa jambo hilo. Efrazia akamjibu kwamba kilicho muhimu ni namba, kwa sababu mistari inaitana kwa namba, na namba moja ikikosewa mashine inasimama.

Saburi aliweka kikombe chake cha chai chini ya benchi. Hapo ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini, akitazama mlango.

"Nikimwambia nitarudishwa Mzenga," alisema.

"Na usipomwambia?"

Nikamwambia kwamba kabati litafunguliwa tu. Akisema leo, Efrazia atakuwa na siku mbili. Akingoja, atakuwa na moja. Alisimama, akakaa, akafunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Saa sita alikuwa bado benchini. Saa saba akaingia, na mlango hakuufunga.

"Dada Efrazia, lile daftari lina makosa. Namba za pembeni nimeziweka mimi."

Efrazia alifungua kabati, akafunua kurasa moja moja. Alichukua muda mrefu.

"Bwana Saburi," akasema, na sikuwahi kumsikia akimwita hivyo, "nani alikutuma?"

"Hakuna. Zilikuwa zinaruka. Niliogopa."

Akamweleza kwa ukali wa chini chini. Aliruka makusudi, kumi kumi, kama mtu anavyopanda minazi kwa nafasi ili baadaye achomeke mihogo katikati. Angeweza kuongeza sifuri kila mahali na kurudisha zile za mwanzo, ila kulikuwa na mistari mitatu aliyoichomeka baadaye, na hakukumbuka ilikuwa wapi. Bila kujua mahali pake, kila kitu baada yake kingekuwa nje ya nafasi.

"Mia na ishirini na tano," Saburi akasema. "Mia mbili themanini na tano. Mia nne na kumi na tano."

"Una hakika?"

"Hizo ndizo zilizoninyima raha."

Efrazia alichukua penseli. Umeme ulirudi Jumatano asubuhi, wakaketi wawili, Saburi akisoma mstari kwa mstari, yeye akibonyeza. Hapakuwa na utani. Nilipeleka chai mara mbili, ikarudi imepoa. Mashine iligoma mara mbili kwa herufi zilizokosewa, na kila mara Saburi alisimama kama anayetaka kutoka. Saa kumi jioni majina ya vijiji yakaanza kushuka kwenye kioo, na Alhamisi yakashuka tena mbele ya wageni. Walitazama, wakanong'onezana, wakasema mashine ibaki Kibaha.

Wageni walipoondoka, Efrazia alimwita Saburi aje aone orodha. Mzenga ilikuwa ya kumi na tisa. Saburi akaweka kidole kwenye jina hilo.

"Mzaramo," Efrazia akamwambia, "ungejua kwenu mtakuwa wa kumi na tisa, hata zile namba tatu ungenificha."

Saburi akainama, akacheka, kisha akamuuliza kwa haya kama kati ya kijiji cha kwanza na cha pili imeachwa nafasi ya kuichomeka Mzenga.