Mtoto wa Katibu

Theresia Mashauri alikuwa na miaka sita surua ilipomuua mdogo wake huko Sengerema. Alipokuwa mtu mzima na muuguzi Stockholm, aliwakusanya Watanzania na Wakenya tisa kwenye ukumbi mdogo wa Tensta, kitongoji cha jiji hilo, wakaanzisha chama cha kusaidia chanjo nyumbani. Kwa miaka kumi na miwili wamepeleka majokofu ya umeme wa jua kwenye zahanati za vijijini, ambako umeme ukikatika chanjo huharibika na akina mama hurudi mikono mitupu.

Mwaka jana, walipokuwa wakifungasha jokofu la ishirini, katibu wa chama, Jerioth, alimvuta kando.

"Dada Theresia, Natalie wangu hajachanjwa surua. Nilisikia maneno ya watu kuhusu chanjo nikaogopa, halafu nikaona haya kukwambia."

Hasira ilimpanda Theresia, maana barua zote za kuwahimiza akina mama wa Sengerema aliziandika Jerioth huyuhuyu. Akaimeza.

"Unaogopa nini hasa?" akauliza.

Walizungumza saa mbili nzima nyumbani kwa Jerioth katika kitongoji jirani cha Hjulsta, bila kukaripiana. Wiki iliyofuata Theresia aliwasindikiza kliniki. Natalie, mwenye miaka minne, alilia kidogo tu alipochomwa sindano.

Kwenye mkutano mkuu, Jerioth aliomba chama kiwatembelee pia wazazi wa Stockholm wenye hofu. Wote waliafiki. Siku hizi wakifika mlangoni kwa watu, Jerioth ndiye anayepiga hodi.