Mwikali na Mpishi Asiye na Jina

Mwikali alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha katikati ya filamu kicheko kikamkauka.

Ilikuwa Jumapili mchana, mtaani Dengfeng, huko Uchina, katika mkahawa wa Hugues, Mkongomani wa Lubumbashi. Wafanyabiashara hukusanyika hapo kutazama sinema za zamani. Siku hiyo walitazama kichekesho cha Hollywood, cha enzi za picha zisizo na rangi: tajiri mmoja, wachumba wawili, na mpishi, mama mweusi aliyeanguka na sinia kila mlango ulipofunguliwa. Kila alipoanguka, watu walivunjika mbavu.

Mwikali sasa hufunga mizigo ya kwenda Mombasa katika jengo la maduka la Tianxiu, lakini kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa ndani Nairobi kwa miaka saba.

"Papa Hugues," alisema filamu ilipokwisha, "sinema ni nzuri, lakini ina kasoro kubwa."

"Kasoro?" Hugues alishika kifua. "Mama, ile ni classique! Marehemu baba alinionyesha nikiwa mtoto. Wataalamu wanaisifu miaka na miaka."

"Wataalamu hao wamewahi kubeba sinia?"

Karanja, muuza simu kutoka Nairobi, akadakia: "Mambo ya sinema waachie wasomi, dada. Wewe rudi kwa maboksi yako."

Maneno hayo yalimchoma. "Jumapili ijayo nipeni dakika kumi," alisema. "Nitawaonyesha."

Wiki nzima aliitazama kwa simu, ndani ya treni ya metro na wakati wa chakula, akiwa ameketi juu ya katoni. Mara ya tatu alishika kalamu na daftari. Ndipo akaona jambo lililokuwa limempita hata yeye: ni mpishi aliyeificha barua ya kuvunja uchumba, ni yeye aliyefungua mlango wa nyuma wale wachumba wakakutana. Bila yeye hakuna hadithi.

Jumapili alisimama mbele yao, akafungua daftari.

"Nusu ya kwanza sina neno. Majibizano yana kasi, yule tajiri anachekesha kweli. Lakini kila mwandishi alipoishiwa na akili, alimwangusha mpishi. Nimehesabu mara tisa. Na ndiye aliyeokoa ndoa! Haya, nani hapa anajua jina lake?"

Hugues akapeleka filamu mwisho, kwenye orodha ya waigizaji. Wahusika wengine wote walikuwa na majina. Yeye aliandikwa "mpishi", basi.

"Mimi bado ninaipenda," Hugues alisema polepole.

"Hata mimi, Papa. Ingekuwa mbaya nisingeitazama mara nne."

Ubishi uliendelea mpaka chai ikapoa. Wengine walisema haitendei filamu haki, kila zama na mambo yake; wengine walitaka sehemu ya barua irudiwe. Mwishowe Hugues akamwomba achague filamu ya Jumapili ijayo na awe wa kwanza kuizungumzia.

"Nitakuja na hoja zangu," Karanja alimwonya.

"Karibu," alisema Mwikali akifunga daftari. "Lakini uitazame kwanza, uimalize."