Shemeji Asilia na Baiskeli ya Baba

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, hajawahi kuendesha baiskeli zaidi ya kona mbili. Lakini ukimsikia akizungumzia baiskeli za mashindano za zamani, utadhani alizaliwa juu ya tandiko. Kazini ni karani wa bima, mtu wa kugonga mihuri, na labda ndiyo maana hakiheshimu chuma kisicho na muhuri wa kiwanda. Kila kipuri kwake lazima kiwe asilia. Mtaani wakamwita Asilia, naye akadhani anasifiwa.

Vikombe vya chai vya mdogo wangu vilihamishwa kutoka kabati la kioo ili pedeli zipate pa kukaa. Skrubu zilitiwa kwenye vifuko, kila kifuko na karatasi yake ya maelezo. Kutu aliisugua kwa mswaki, na mswaki wenyewe haukuwa wake.

Baba yetu alishindana kwa baiskeli ujanani, kisha akaiendesha ileile miaka thelathini kwenda kiwanda cha uchapaji. Alipofariki tulikubaliana ichukuliwe na mdogo wangu, kwa kuwa alijifunza kuendesha kwa hiyo, mguu mmoja ukipita chini ya bomba la fremu. Ilipofika kwake, mumewe akaitundika sebuleni. Alisema anaihifadhi.

Ilikuwa inalia kidogo kwenye pedeli. Tukaipeleka kwa fundi mmoja anayeitwa Mama Gololi, mwenye kibanda nyuma ya cherehani za mafundi nguo, gololi zake zimepangwa kwa ukubwa ndani ya makopo ya peremende. Aliinamisha sikio kwenye tandiko, akazungusha pedeli taratibu, akatikisa kichwa.

"Gololi ndizo zimelika. Kombe linalozishika ni zima, baba," alimwambia shemeji. "Tia gololi mpya na grisi, basi. Na ukitaka kulifungua kombe la upande huu wa cheni, geuza kulia. Ukigeuza kushoto unalikaza."

Shemeji alicheka. Akamweleza fundi, mbele ya wateja wake, kwamba duniani kote nati hufunguliwa kushoto, na kwamba yeye fundi amezoea baiskeli za kubebea maziwa tu. Mama Gololi alijifuta mikono, akarudi kwenye tyubu aliyokuwa akiziba. Mimi ndiye niliyeona haya.

Gololi peke yake hazikumtosha shemeji; aliagiza kombe jipya asilia ng'ambo, likachukua miezi minne. Lilipofika tuliitwa sote tushuhudie la zamani likifunguliwa. Lile jipya liling'aa, na nyota ya kiwanda ilikuwa imegongwa ubavuni. Shemeji akavaa glavu, akaishika spana, akageuza kushoto. Kombe la zamani halikutikisika. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, kisha akalikalia lile bomba. Spana ikateleza, kidevu kikagonga fremu. Mtu mwenye akili angepumzika hapo. Yeye alileta patasi na nyundo.

Kombe la baba lilipasuka, likang'oka na sehemu ya nyuzi za fremu, ile mifereji ya kukazia. Lile jipya halikushika hata uzi mmoja. Baadaye tulikuja kujua lilitengenezwa kwa ajili ya fremu za nchi nyingine kabisa. Shemeji alilitazama, akaitazama fremu, kisha akatoa hukumu: baba yetu aliuziwa feki.

Mdogo wangu alikuwa akimenya viazi. Alikiweka kisu chini, akaichukua fremu begani.

"Usimtaje baba yangu kwa mdomo huo," alisema, akatoka. Mimi nikabeba magurudumu.

Kibandani, Mama Gololi aliuliza tu nani ametumia patasi.

"Mtaalamu," akajibu mdogo wangu.

Fundi hakucheka. Alizisafisha nyuzi zilizobaki kwa chombo chake cha kukatia nyuzi, robo mzunguko, mafuta, robo mzunguko tena, siku tatu. Kisha akaenda na mdogo wangu kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Walifungua baiskeli tisa kabla ya kupata kombe lenye nyuzi zinazolingana na lisilo na mashimo. Lilitoka kwenye baiskeli ya kusambazia mikate: nje kutu tupu, ndani laini kama kioo. Lilipokazwa, kushoto kama alivyosema fundi, pedeli ilisukumwa kwa kidole ikazunguka mpaka tukachoka kuitazama.

Sasa mdogo wangu anaiendesha kwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kila miezi mitatu anaifungua mwenyewe, anaosha gololi kwa mafuta ya taa, anatia grisi mpya. Jumamosi hushinda na Mama Gololi kule chakavuni wakitafuta vipuri, na wapo watu wanaomwulizia wakimwita fundi.

Mumewe huwaambia wageni kwamba baiskeli ile imenajisiwa. Kombe lake lenye nyota liko kabatini, na mgeni akikosea akauliza ni nini, chai hupoa kwa maelezo. Mwezi uliopita alinunua fremu nyingine ya zamani, akakwama kwenye pedeli ya kushoto, ambayo nayo hufunguliwa kinyume. Alikuja kwangu, si kwa mkewe, akaniomba nimsemee kwake amsaidie. Nikamwambia kibanda cha fundi anakijua, aende apange foleni kama watu. Hakwenda. Fremu imeegemezwa ukutani, imefunikwa shuka, na wanaomtembelea wanaambiwa anasubiri kipuri.