Vijiko vya Baba

Harufu ya mafuta ya mbuzi yakiungua juu ya chuma cha moto hunirudisha Masinga, kwenye ua wetu uliokuwa karibu na bwawa. Baba alijitengenezea chambo za kuvulia kambare. Alikata kijiko kizito cha zamani, akakitoboa kwa msumari, akakisugua kwa majivu hadi kikang'aa kama ubavu wa samaki. Ndoana aliitoa kwenye spoku ya baiskeli: aliichoma, akaikunja, akaichovya katika mafuta ya mbuzi ili iwe ngumu. Kisha aliifunga kamba, akaikwamisha kwenye tawi la mgunga na kuniambia nining'inie. Nilishika kamba kwa mikono miwili, nikainua miguu. Ndoana iliyonyooka kwa uzito wangu ilirudi motoni.

Alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, alituachia vijiko vitatu. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, maana nilikuwa mkubwa na nyuma yangu alikuwapo Mbithe, mdogo wangu mwenye miaka saba. Baba mdogo alikuja baada ya matanga, akakaa kwenye kiti cha marehemu na kutoa hukumu mbele ya majirani.

"Mkifika Pasaka bila kuja kwangu kuomba unga, mtakaa pamoja hapa. Mkija, nitawagawa. Sitalisha nyumba mbili."

Mkono mtupu haulambwi, na yeye hakutaka kuulamba wetu. Nikashuka bwawani na vijiko vya baba. Wavuvi walinicheka. "Mwende, samaki wakikuona watadhani umekuja kufua!" Lakini vijiko havikunitupa. Kambare mmoja tulimbadilisha kwa mahindi, mwingine tukamla na muthokoi wa mahindi hayo yaliyokobolewa, na miezi ikapita.

Wiki tatu kabla ya Pasaka akaja mchuuzi na sanduku la chambo za dukani. Zilikuwa samaki wadogo wa bati waliopakwa rangi, wenye macho na mapezi. Vijiko vyangu vilikuwa vimeanza kushika kutu, na nilikuwa nimechoka kuchekwa.

"Wewe msichana, hiyo ni ya makumbusho," alisema akikipima kijiko kiganjani. "Nipe hizo tatu, mimi nikupe sita mpya. Na usiambie mtu, nitagombezwa."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo niliijua tangu shuleni. Hata hivyo nilikubali, nikampa vijiko mkononi. Ndipo nikamgeukia Mbithe, nikamwambia achague rangi. Alirukaruka kwa furaha. "Nyekundu! Zote nyekundu!"

Rangi ilibanduka siku ya pili. Bati lilikuwa jepesi, halikuchezacheza majini kama kijiko. Lilielea kama ganda la yai. Ndoana mbili zilikatika kwenye mawe, tatu zikanyooshwa na samaki wa kawaida tu. Jumatano ya wiki ya Pasaka, tukiwa tumeshinda siku mbili kwa maji ya moto na chumvi, kambare mkubwa alishika ile ya mwisho. Nilimwona kichwa, ndevu zake zikipasua maji. Mshipi ukalegea ghafla. Nilipouvuta, ndoana ilikuwa imenyooka kama sindano ya kushonea magunia.

Siku iliyofuata Mbithe hakuweza kusimama bila kushika ukuta. Nikambeba mgongoni hadi kwa baba mdogo. Alikuwa anakula. Hakutukaribisha.

"Zimebaki siku tatu tu," alisema, akatabasamu. "Mlikosea wapi?"

Mbithe alijibu kabla yangu. "Ni mimi, baba. Nilisema nyekundu."

Baba mdogo alicheka hadi akakohoa. Alitupatia chakula, kisha akanigeukia: mimi nibaki nichunge mbuzi wake, Mbithe apelekwe Mumbuni kwa mwanamke aliyetaka mtoto wa kumlelea mtoto. Mbithe aliondoka kesho yake asubuhi, akiwa amevaa gauni langu. Nilisimama nikimwangalia.

Siku hizi chambo za dukani ni mbaya zaidi. Mwanangu alileta moja ya plastiki. Ndoana ilivunjika akiwa bado anaifunga kwenye mshipi. Nilimkatia kijiko, nikachoma spoku, na ingawa mikono yangu si ya baba, nilimning'iniza kwenye tawi na ndoana ikamshika. Nguvu ya kitu hujulikana kabla ya safari, iwapo mtu atakubali kukijaribu.

Mbithe angali Mumbuni, ana nyumba yake sasa na kovu la pasi ya makaa kwenye mkono, alilopewa na yule mwanamke. Kila Krismasi anapotutembelea huwasimulia watoto jinsi alivyotutenganisha kwa kupenda rangi nyekundu. Watoto huangua kicheko. "Mama mdogo, hukuwa na akili!" Yeye hunitazama, kama anayengoja. Vijiko vilikuwa vimekwisha kutoka mkononi mwangu kabla hajafungua kinywa. Nilimwachia rangi tu. Hilo sijamwambia. Humwongezea chai, nami nacheka pamoja nao.