Waya Mwekundu Chini ya Kapeti la Gari la Marehemu

Admin, naomba unifichie jina. Mie ni mjane wa miaka thelathini na nane, naishi pande za Kibamba na binti yangu wa miaka saba, na nauza vitenge. Mume wangu alifariki mwaka jana baada ya kuugua, tukamzika kwao kusini. Aliniachia nyumba ambayo haijaisha na gari dogo alilolipenda sana. Kila tukipanda alikuwaga anapigapiga usukani na kuliambia, "Haya bibie, tupeleke." Mpaka leo nikiwasha nasubiri kuisikia ile sauti.

Aliniachia pia spana namba kumi, ameifunga kitambaa chekundu na kuiweka chini ya kiti cha dereva. Alinifundisha: "Ukisikia harufu ya plastiki inaungua, usihangaike kutafuta inatoka wapi. Simama, zima, mtoe mtoto, kisha fungua boneti uchomoe ule waya mweusi wa betri." Nilicheka, nikamuuliza kwani mie fundi? Akasema, "Cheka tu, ila rudia nilichosema." Nikarudia mpaka akaridhika.

Sasa niwaeleze kuhusu shemeji, mdogo wake marehemu. Ndiye aliyenishika mkono makaburini nilipoishiwa nguvu. Alirudi Dar mapema kwa sababu ya kazi, mie nikabaki kule mpaka tulipoanua tanga. Aliomba funguo za gari awe analiwasha betri isife. Nikampa kwa moyo mmoja.

Niliporudi akanirejeshea funguo, na maneno yakaanza. Nimetoka sokoni Buguruni kununua mzigo, jioni ananipigia: "Shemeji, Buguruni kuna nini siku hizi?" Nikimuuliza amejuaje anacheka, "Dar ndogo hii, shem. Watu wanakuona." Siku nyingine: "Jana Mbezi ulikaa sana, au tumeshapata shemeji mpya?" Na akimaliza utani wake anarudi palepale, kwamba gari halinifai, mwanamke peke yake litanitesa. Nikaanza kumshuku jirani yangu. Nikaacha hata kukaa naye barazani, maskini, na yeye ndiye aliyekuwa ananipikia uji wakati wa msiba.

Wiki iliyopita nilikuwa naenda Tegeta kwa dada yangu, nimepitia njia ya Goba. Binti yangu alikaa mbele. Akasema, "Mama, miguu yangu inasikia moto." Sikumjali, nikajua ni jua. Mara ikaja harufu, halafu moshi mwembamba ukapanda kutoka chini ya dashibodi, upande wake. Maneno ya marehemu yalikuja yenyewe. Nikasimama, nikazima, nikamvuta mwanangu nje, nikamkabidhi kwa mama mmoja muuza mihogo pembeni ya barabara. Nikafungua boneti, nikalegeza nati, nikauchomoa ule waya mweusi. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja mbio na ndoo ya maji, nikamzuia, "Usimwage! Ni umeme!" Moshi ukapungua, ukaisha. Ndipo nikakaa chini kwenye mchanga nikalia.

Fundi umeme wa magari aliitwa kutoka hapohapo Goba. Alipofunua kapeti alikuta waya mwekundu umeyeyuka, umeshikana na bati.

"Sista, huu umetolewa kwenye betri moja kwa moja. Hauna hata fyuzi. Aliyefunga alikuwa na haraka."

"Unakwenda wapi?"

Akaufuata kwa vidole mpaka nyuma ya redio, akatoa kidude cheusi kidogo kuliko kiberiti, kimezungushiwa tepu.

"Traka hii. Humu ndani kuna laini ya simu. Mwenyewe anaona kwenye simu yake gari liko wapi. Kwani hukuijua?"

Nikamwambia labda aliweka marehemu. Lakini hata mie sikuamini. Kabla hajaanza kuugua tulifua yale makapeti pamoja, yeye anasugua, mie namwagia maji, tukayaanika ukutani. Chini hapakuwa na waya wowote. Na tangu siku ile gari limeshikwa na watu watatu tu: yeye, mie na shemeji.

Fundi akakitoa kidude, akanikabidhi, akarekebisha nyaya zilizoungua, nikaghairi safari. Nilipofika nyumbani nilimpigia dada kumwambia nimefika salama. Jioni naanua nguo, simu ikaita. Shemeji.

"Shem, mbona mpaka saa hizi bado uko Goba? Gari limekufa?"

Nikabaki nimeshika gauni la mwanangu. Kama angeambiwa na mtu, angeambiwa niko nyumbani. Goba ndipo kidude kilipokatwa umeme, kwa hiyo simu yake ilibaki inaonyesha palepale. Nilimjibu tu, "Niko nyumbani, shemeji." Akasema, "Aah, sawa. Nilidhani tu," akakata.

Sisemi alitaka tuungue. Labda aliogopa wezi. Lakini kama ni wezi, kwa nini hakuniambia, na kwa nini kila simu aliuliza nilikuwa wapi na nani? Usiku namwona mwanangu amekaa kile kiti, miguu yake juu ya ule waya.

Jumapili anakuja na mama mkwe kuzungumzia hatima ya gari. Mama yule amezika mtoto mmoja, na huyu anamwita "mwanangu aliyebaki". Binti yangu naye akisikia sauti ya baba yake mdogo anakimbilia getini. Kidude nimekificha kwenye kopo la sukari. Nikiweke mezani mbele ya mama yake, au nimwite pembeni kwanza? Nikinyamaza, atakuja kufunga kingine, na safari hii huenda nisisikie harufu mapema. Ndugu zangu, nyie mngekuwa mie mngeanzia wapi? Nisaidieni mawazo kabla ya Jumapili. Spana nimeirudisha chini ya kiti.