Brashi ya Jumamosi katika Bafu la Gatina

Ukitoka stage ya matatu ya Kawangware 56 kuelekea Gatina, utapita maduka ya hardware na saluni mbili zinazotazamana kama wake wenza, kisha utaona dohani nyeusi iliyozidi paa zote. Chini yake kuna bafu la maji moto. Nyuma ya bafu kuna boila kubwa, na mbele ya boila, juu ya kiti kilichokatwa miguu, utamkuta Walubengo.

Ana miaka hamsini na mbili. Kazi ya moto alijifunza kwenye kiwanda cha sukari huko kwao magharibi. Kiwanda kikafungwa, naye akaja Nairobi na ujuzi huo mmoja: kuisikiliza boila na kujua inataka nini. Si ujuzi unaopata kazi kila kona. Ndiyo maana kiti kile, hata kikikosa miguu, anakiheshimu.

Bafuni mteja hulipa dirishani, akapewa kifuniko cha soda. Kifuniko anamkabidhi Walubengo, naye Walubengo anakitia kwenye mkebe, ndipo mteja anafunguliwa maji. Jioni Walubengo humwaga mkebe na kuhesabu. Hivyo hujua moto wake wa siku hiyo umeogesha watu wangapi.

Mwenye bafu ni Kaltuma, mama wa Kinubi kutoka Kibera, ambaye wote humwita Hajati. Mwaka jana, baridi ya Julai ilipoanza kuuma, alifika na kijana mmoja aitwaye Kavoi, muuzaji wa vichomeo vya dizeli.

"Kavoi anasema hii mashine yake inajiwasha yenyewe," Hajati alisema. "Unabonyeza, unaenda zako."

"Ninaenda zangu wapi?" Walubengo akauliza.

Kavoi alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Lakini Hajati si mtu wa kununua kitu kwa kuambiwa. "Sitaki maneno, nataka hesabu. Wiki moja tuchome briketi, wiki moja kuni, wiki moja dizeli. Kavoi atatuazima kichomeo. Walubengo, wewe ndiye utapima."

"Mimi?"

"Kwani hii boila inamjua nani mwingine?"

Basi mtu akapewa mizani apime kazi yake mwenyewe. Stima waliiacha mapema, maana token za kulipia umeme zingeisha kabla maji hayajapata joto. Gesi ilitaka uwanja wa mitungi, na plot za Gatina zimebanana ukuta kwa ukuta. Zikabaki zile tatu.

Hajati alitaka kulinganisha bei ya mzigo kwa mzigo, kama watu wengi. Walubengo alikataa. "Mkokoteni wa kuni hauogi, Hajati. Tuulize vifuniko. Gharama ya wiki nzima, gawa kwa watu waliooga."

Wiki ya kwanza walichoma briketi, yaani makapi ya miwa yaliyoshindiliwa kuwa vipande. Ziliwaka taratibu, majivu machache, na kila mtu aliyeoga aligharimu shilingi nne na nusu za moto. Wiki ya pili zilikuja kuni, nusu mbichi kama kawaida ya kuni za mjini. Shilingi tano. Moshi ulitoka mzito mpaka mama wa saluni akaja kuuliza kama kuna mtu anachomwa.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana ndipo jambo lilipo. Ndani ya boila ile moto hupita kwenye mabomba ishirini na manne, na maji yamezunguka nje ya mabomba. Kuni mbichi huacha masizi humo, na masizi ni kama blanketi: moto unapasha blanketi, maji yanabaki na baridi yao. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana, wateja wakipungua, Walubengo huzima moto, akachukua brashi ndefu ya waya na kusugua bomba moja moja. Ni kazi ya saa tatu.

Jumamosi ile hakusugua. Mzee Wakoli wa kijiji chao alikuwa amefariki, na watu wa kwao walikuwa na mkutano wa matanga kanisani, kuchangia gari la kumpeleka Bungoma. Walubengo ndiye mwenyekiti. Mwenyekiti wa matanga hatumi salamu, anakwenda. Alirudi jioni akakuta foleni ya watu wanaojiandaa kwa Jumapili, akawasha moto, na brashi ikabaki msumarini. Jumatatu Kavoi akakifunga kichomeo chake kwenye boila.

Dizeli ikala pesa. Kufikia Alhamisi ilikuwa shilingi kumi na tatu kwa kila anayeoga. Kavoi alizungukazunguka akigusa vitufe, hakuelewa. Walubengo aliweka mkono karibu na dohani akaelewa mara moja: joto lililopaswa kuingia kwenye maji lilikuwa linapanda juu kuwapasha kunguru.

Jioni mkewe, Everlyne, alimwona anageuza ugali tu kwenye sahani.

"Una nini?"

Akamweleza.

"Nani alikuona hukupiga brashi?"

"Hakuna."

"Basi mbona unaongea?"

"Si wewe umeniuliza?"

Everlyne akatazama vitabu vya binti yao mezani. "Phanice yuko form three, na karo haingoji," akasema. Kisha akaondoa sahani. "Mimi sijasema kitu."

Asubuhi Walubengo alimpigia Hajati simu. "Wiki hii ya dizeli si ya haki. Mabomba yana masizi ya kuni. Sikusugua, nilienda matanga."

"Kwa hiyo nimechoma dizeli yangu kupasha masizi."

"Ndiyo, Hajati."

"Sugua. Tunaanza upya."

Mabomba yakiwa safi, dizeli ilishuka hadi shilingi kumi. Wiki hiyo mpya ilipoisha, Jumatatu Hajati alikuja na miwani, akakaa kwenye kile kiti kifupi, magoti yakamfikia kidevu. Akasoma karatasi.

"Mshahara wako uko wapi hapa?"

Walubengo alikuwa ameuacha. Akachukua kalamu, akaongeza shilingi tano kwa kila kichwa kwenye briketi na kwenye kuni. Kuni kumi. Briketi tisa na nusu. Dizeli kumi, na dizeli haihitaji mtu wa kukaa hapo.

"Nusu shilingi," Hajati alisema. "Wewe na hiki kichomeo mnatengana kwa nusu shilingi."

"Ndiyo."

"Na matengenezo?"

"Wiki iliyopita chujio la mafuta liliziba. Fundi wa kina Kavoi alitoka Industrial Area, elfu nne kabla hajafungua kisanduku. Jumatano stima ilipotea, na kichomeo, ambacho huwashwa na stima, kikalala. Kulikuwa na watu kumi na wawili ndani, wana sabuni kichwani."

"Nilisikia. Mmoja ni mpangaji wangu." Alivua miwani. "Na wewe matengenezo yako?"

"Brashi mbili kwa mwaka. Za waya."

"Na matanga."

Walubengo akaitazama brashi msumarini.

"Leta briketi," Hajati akasema. "Kavoi aje achukue kitu chake. Lakini tangu leo unasugua Jumatano na Jumamosi, mara mbili. Hakuna kwenda matanga kabla ya kusugua."

"Na kama kuna maiti inangoja?"

"Nyinyi maiti yenu inangoja wiki mbili mkiandaa kamati. Sisi mtu akifa asubuhi, alasiri tumeshamzika. Wako atashindwa kungoja saa tatu?"

Walubengo aliangua kicheko, akachukua brashi msumarini. Ilikuwa Jumatatu, si siku yake, lakini alizima kichomeo, akafungua mlango wa boila, akaanza na bomba la kwanza.