Kipande Kilichokataa Kusahau

Mama yake aliwatangazia majirani kwamba binti yake ni daktari, nao majirani hawakuchelewa. Kila alipokwenda kusalimia, mmoja alimfuata na goti, mwingine na jino. Afadhali hayo kuliko kueleza. Angeanzia wapi kuwaambia kwamba udaktari wake ni wa shahada ya uzamivu, si wa kutibu, na kwamba huu ni mwaka wa tatu tangu aimalize bado yumo maabara, akikata ubongo wa panya vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, ili ajue kumbukumbu inashikiliwa na nini?

Lakini ndiyo kazi yake. Kipande hulazwa kwenye maji ya chumvi yenye oksijeni, nacho huishi saa kadhaa, na panya mwenyewe hayupo tena. Ukikigusa kwa umeme kidogo, seli moja huita na jirani yake hujibu. Ukikipiga umeme mfululizo kwa sekunde moja tu, jibu hukua, na hubaki limekua kwa saa nyingi. Maungio ya seli hizo yamejifunza. Ameliona hilo mara mia tano na bado mwili humsisimka.

Mwaka jana alisimama mbele ya profesa na wenzake wote akasema kuna protini moja inayoshikilia jibu hilo. Ukiizuia kwa dawa, baada ya saa moja maungio husahau. Wakampigia makofi. Kisha, kwa miezi mitatu sasa, hata vipande visivyotiwa dawa vikawa vinasahau. Kama ni hivyo, protini yake ilisifiwa bure, naye ingembidi arudi mbele ya watu wale wale ameze maneno yake.

Aliyemfumbua macho ni fundi wa maabara, mzee waliyembatiza Chupa kwa kuwa hakuna chombo ambacho hajakiosha. Siku moja mzee alimkuta binti akisuuza mrija wa plastiki uliopitisha dawa jana, ili leo upitishe maji ya chumvi matupu.

"Mwanangu, mrija huo huo?"

"Nimeusuuza mara kumi, mzee."

"Hata mia. Plastiki ina kinyongo. Bakuli la plastiki likishaingiwa na harufu ya samaki, umewahi kuliosha likasamehe?"

Binti akaunusa mrija. Miezi mitatu alikuwa akivinywesha vipande visivyopaswa kutiwa dawa mabaki ya dawa ile, kisa kubania mirija. Kweli rahisi ni ghali.

Kesho yake asubuhi alifunga mirija mipya, utepe wa kijani kwa maji matupu, mwekundu kwa dawa. Akalaza kipande kisichotiwa dawa, akakipiga ule umeme wa mfululizo. Jibu likapanda. Meza ya vipimo huelea juu ya hewa ili isitikisike; mlango ukibamizwa tu, sindano ya kioo inayosikiliza seli huchomoka na kazi ya siku imekwenda na maji. Kwa hiyo mzee Chupa alijiweka mlangoni kama askari, akamrudisha hata profesa.

Dakika ya arobaini. Hamsini. Ilipokaribia sitini, pale jibu lilipokuwa likianguka kila siku, alishindwa kutazama skrini, akahesabu vigae vya sakafu. Alipoinua macho, mstari wa jibu ulikuwa pale pale. Saa ya pili, pale pale. Saa ya tatu akacheka huku machozi yakimtoka. Vipande vya dawa vingekuwa na zamu yao kesho. Leo alitaka kustaajabu tu. Kitu kidogo kuliko ukucha, kisicho na macho wala mwenyewe, kilikuwa kimeshikilia sekunde moja ya asubuhi na hakikuiachia.

Alasiri mzee Chupa aliingia kwa kunyata na ndoo yake.

"Vipimo vimetosha, binti?"

"Vimetosha."

"Basi zima, tutupe, tuoshe."

Mkono wa binti ulifika kwenye swichi, ukarudi.

"Mzee, bado kinakumbuka."

Mzee Chupa alitazama skrini, akatua ndoo chini taratibu, akavuta kiti akaketi naye.